Kuupa Mreteni wa Bonsai Sura Mpya: Mwongozo Kamili

Mreteni wa bonsai, yaani ule unaotunzwa ubaki mdogo chunguni ukiwa na umbo la mti mzee, ukikaa miaka mitatu au minne bila mkono wa mtunzaji hugeuka kichaka. Majani hujazana juu na pembeni, vitawi vya ndani hukosa mwanga na kukauka kimoja baada ya kingine, na lile shina lililokufanya uupende mti tangu mwanzo hupotea kabisa. Wengi wakifika hapo hushika mkasi. Nakuomba uuweke chini kwanza.

Kuupa mreteni sura mpya ni kazi ya kuhamisha majani zaidi kuliko kuyakata. Unayashusha, unayasogeza karibu na shina, unayageuza yatazame mwanga. Sababu iko kwenye maumbile ya mti wenyewe. Mkuyu ukiukata hadi kisiki utachipua. Mreteni hauna tabia hiyo. Tawi lake likibaki bila kijani hata kidogo limekwisha, na hakuna maji wala mbolea itakayolirudisha. Majani ndiyo ghala la nguvu za mti huu, kwa hiyo kila unachokata leo unakitoa kwenye akiba utakayoihitaji kesho, mti utakapokuwa unauguza vidonda.

Haya ninayoyaeleza yanafaa aina zote zinazotumiwa sana kwenye bonsai: shimpaku wenye majani ya magamba laini, Juniperus procumbens unaotambaa na kuchoma vidole kwa sindano zake, hata mtarakwa, ndugu yao mrefu, ukiwa umekuzwa chunguni.

Kwanza, je, mti una afya?

Mti dhaifu haupewi sura mpya. Unapewa jua, maji kwa kipimo, mbolea, na mwaka mzima wa kuachwa utulie. Mreteni wenye nguvu unajionyesha: ncha za vitawi zina kijani kibichi kuliko majani ya nyuma yake, udongo hukauka kwa kasi ya kawaida baada ya kumwagiliwa, na ukilitikisa shina taratibu linakaa imara kwa sababu mizizi imekishika chungu.

Pima pia utitiri. Weka karatasi nyeupe chini ya tawi, ligonge mara mbili tatu, kisha itazame karatasi kwa utulivu kwa nusu dakika. Vidoti vinavyotembea ni utitiri. Ukiuona, tibu kwanza, kisha usubiri hadi mti utoe ncha mpya.

Somo la afya lilinigharimu mti mmoja ambao bado naukumbuka umbo lake. Nilikata karibu nusu ya majani, nikapinda matawi makubwa, na siku hiyo hiyo nikauhamishia chungu kipya kwa sababu nilikuwa na hamu ya kuuona umekamilika. Kwa wiki sita ulibaki kijani, nami nikaamini umepona. Kumbe ulikuwa umeshakufa. Mreteni hufa kimyakimya. Majani yake hushikilia rangi wiki nyingi baada ya mizizi kuacha kazi. Kinachotangulia kupotea ni mng'ao. Majani huwa kama yamepakwa vumbi, na ukiyapapasa hayana tena ule ulaini wa kitu chenye maji ndani.

Tangu hapo nina kanuni mbili nisizozivunja. Kubadilisha chungu na kubadilisha sura havifanyiki mwaka mmoja. Kati yake lazima upite msimu mzima wa kukua. Na katika kikao kimoja sikati zaidi ya theluthi moja ya majani. Wapo mafundi wanaokata zaidi wakafanikiwa, lakini miti yao imeandaliwa kwa miaka na inauguzwa kwa uangalizi ambao wengi wetu hatuna.

Wakati wa kufanya kazi

Penye majira ya baridi, kupinda kuzito hufanywa kuanzia mwishoni mwa vuli hadi kabla ya mti kuamka, mradi uwe na mahali pa kuukinga na barafu baada ya kazi. Pasipo baridi kali, chagua miezi ya ubaridi na mawingu, ukuaji ukiwa umepungua. Epuka kilele cha joto. Epuka pia ule wakati mti unapochipua kwa nguvu: gome huwa limelegea kwa wingi wa utomvu, na ukipinda tawi huteleza na kuachana na mbao ya ndani. Gome likiachana kuzunguka tawi zima, tawi hilo halitapona.

Vifaa si vingi. Mkasi mwembamba, koleo lenye mdomo wa mbonyeo kwa kukatia matawi, koleo la kukatia waya, koleo la kawaida lenye meno, kisu kikali, brashi ngumu ya nailoni, rafia (nyuzi za mmea za kufungia), marhamu ya kuziba vidonda, na waya wa unene mbalimbali, milimita 1 hadi 4 au zaidi. Meza inayozunguka itakusaidia kuliko kifaa chochote cha bei kubwa. Kama huna, kigoda chochote kinachozunguka kinatosha.

Kutazama, tena kwa muda mrefu

Hapa ndipo ningependa utumie muda mwingi kuliko mahali pengine popote. Weka mti usawa wa macho. Fukua udongo wa juu taratibu kwa kijiti mpaka uone mahali mizizi mikubwa inapoachana na shina. Unyayo huo wa mti ndio unaoamua mengi. Upande ambao mizizi inatanuka na kushika ardhi kwa nguvu ndio unaostahili kuzingatiwa kwanza kuwa uso wa mti.

Kisha panda na macho kufuata shina. Linapinda wapi? Linapungua unene wapi? Kuna mahali limenyooka kwa urefu unaochosha jicho? Kuna kovu, au sehemu kavu ya zamani, inayostahili kuonekana? Zungusha mti polepole, kama nyuzi kumi kila mara, na upige picha kila unaposimama. Picha hukuonyesha yale ambayo jicho lililozoea mti limeacha kuyaona.

Halafu uinamishe. Weka kipande cha mbao chini ya ukingo mmoja wa chungu, tazama, kisha hamishia upande mwingine. Mara nyingi sura mpya yote imo kwenye kuinamisha tu. Mti uliokuwa umesimama wima na kuonekana mkavu wa maisha, ukilazwa nyuzi thelathini hupata mwendo, na tawi lililokuwa la pembeni linajitokeza kuwa kilele kipya. Nimeshinda mchana mzima na kipande cha mbao mkononi bila kukata jani, na siku hiyo naihesabu kuwa ya kazi.

Chora unachokikusudia. Mchoro mbaya unatosha, ilimradi uonyeshe mstari wa shina, kilele, tawi kuu na mwelekeo wa mti mzima. Mti una mwelekeo mmoja tu. Shina likienda kushoto na tawi kuu likavuta kulia kwa nguvu ile ile, mtazamaji hajui aende wapi.

Kusafisha kabla ya kuamua

Ondoa majani makavu ya ndani kwa vidole au kibano. Ondoa vitawi vinavyoning'inia chini ya matawi na vile vilivyosongamana kwenye makwapa, pale tawi linapotoka shinani. Vilivyo dhaifu sana, visivyoona jua, havitakusaidia.

Ila usizidishe. Kosa ninaloliona zaidi ni mtu kusafisha kutoka ndani kwenda nje bila kusimama, mpaka kila tawi linabaki uchi na kishungi cha majani nchani, kama usinga. Vitawi vidogo vya kijani vilivyo karibu na shina ni hazina. Hivyo ndivyo vitakavyokuwezesha kufupisha tawi baadaye, kwa kuwa mti huu hautakutolea chipukizi jipya kwenye mbao tupu.

Na unapopunguza ncha, tumia mkasi na kata kwenye shingo ya kitawi. Kunyofoa ncha zote kwa kucha kunaudhoofisha mti, nchani hugeuka kahawia, na mreteni wa magamba ukidhoofishwa namna hiyo hurudia majani ya sindano ya utotoni. Ukiuona umetoa sindano ghafla, jua uliudai kupita uwezo wake.

Mshipa hai na mbao kavu

Mreteni hausafirishi maji kwa shina zima kwa usawa. Kadiri unavyozeeka, kila mzizi mkubwa hulisha sehemu yake ya mti kupitia ukanda wake wa gome. Huo nauita mshipa hai. Upapase: umevimba kidogo kuliko sehemu zilizo jirani. Ukisugua gome la juu kwa brashi yenye maji, maganda ya kijivu yanatoka na chini yake inabaki rangi nyekundu ya kahawia inayong'aa. Ufuate kwa kidole kutoka mzizini mpaka kwenye tawi unalolilisha. Mara nyingi unajizungusha kwenye shina kama kamba, na tawi la kushoto unakuta linalishwa na mzizi wa kulia. Usilikate gome lolote kabla hujaimaliza safari hiyo ya kidole kwa kila tawi unalotaka liishi.

Wajapani wana majina mawili ambayo sikioni mwa Mswahili yana uzito mwingine kabisa. Tawi lililoachwa kavu na kumenywa huitwa jin, na ukanda mkavu kwenye shina huitwa shari. Kwetu jini na shari si vitu vya kukaribisha nyumbani, kwa hiyo nitasema tawi kavu na ukanda mkavu. Kwenye mreteni vyote viwili ni pambo la asili: milimani, miti hii huvunjwa na theluji, radi na upepo, ikabaki nusu hai na nusu mfupa mweupe kwa mamia ya miaka.

Tawi usilolihitaji, basi, usilikate kwenye shina moja kwa moja. Libakize sentimita chache. Kata gome kuzunguka sehemu linapoanzia, liminye kwa koleo mpaka gome lipasuke, kisha limenye. Gome linatoka kwa vipande virefu vyenye unyevu, harufu kali ya utomvu inajaa hewani, na mbao ya ndani inatokea, nyepesi rangi na laini kama sabuni. Shika ncha kwa koleo, chana nyuzi kwa kuzivuta kuelekea shinani, zivunjike zenyewe. Nyuzi zikifuata njia yake zinaonekana kama kazi ya upepo. Kisu huacha alama ya kisu.

Ukanda mkavu kwenye shina unataka tahadhari zaidi. Uchore kwa chaki kwanza, chini ya tawi ulilolikausha, kwa kuwa mshipa uliokuwa ukililisha hauna tena kazi kubwa. Anza mwembamba. Unaweza kuupanua mwakani na mwaka utakaofuata, lakini gome ulilolitoa hulirudishi. Masahiko Kimura, fundi wa bonsai wa Japani ambaye jina lake limeenda sambamba na mireteni iliyogeuzwa sura kwa ujasiri, ndiye aliyeuzoeza ulimwengu wa bonsai kutumia mashine za umeme kuchonga mbao kavu. Anayeanza nitamshauri ashike koleo na kisu kwa miaka ya mwanzo.

Mbao hiyo mpya iache ikauke wiki kadhaa. Baadaye ipake mchanganyiko wa chokaa na salfa kwa brashi ndogo: hupakwa ukiwa wa njano na hugeuka mweupe ukikauka, na huilinda mbao na uozo. Loanisha mbao kwanza, funika udongo kwa plastiki, vaa glovu na miwani, fanyia nje kwa sababu ya harufu ya mayai viza, na usiugusishe kwenye mshipa hai.

Kufunga waya

Shaba iliyolainishwa kwa moto ndiyo bora kwa mreteni kwa sababu hushika vizuri ikiwa nyembamba. Lakini huwa ngumu kila inapopindwa, kwa hiyo haikupi nafasi ya kusitasita. Alumini ni laini na inasamehe. Mwanafunzi aanze nayo. Unene wa waya uwe kama theluthi ya unene wa tawi, na urefu uwe wa tawi lenyewe na theluthi juu yake.

Waya mmoja ufunge matawi mawili yanayokaribiana, ukipita kwenye shina kati yake angalau mzunguko mmoja na nusu. Bila hiyo nanga, ukilishusha tawi moja la pili linainuka. Viringisha kwa mteremko wa nyuzi 45 hivi, waya ukigusa gome bila kulibana. Mkono mmoja hushikilia mahali ulipofika, mwingine huzungusha. Usiyafungie majani chini ya waya. Yasogeze kwa kidole, waya upite kando yake.

Upande unaoviringishia una maana. Tawi likitakiwa kuzungushwa kuelekea kulia, waya nao uviringishwe kuelekea kulia, ili kupinda kuukaze. Ukikosea hapo, waya unalegea mkononi na gome linabaki bila ulinzi. Anza na matawi makubwa, yafuate ya kati, umalizie na vitawi vya ncha. Fungia yote kabla hujaanza kupinda chochote.

Kupinda matawi mazito

Methali ya samaki mkunje angali mbichi inafanya kazi hapa nusu tu. Tawi la mreteni lenye unene wa kidole gumba na umri wa miaka ishirini bado linapindika, ila linataka kuandaliwa. Loweka rafia majini nusu saa, izungushe kwenye tawi kwa kuibana sana, tabaka mbili au tatu, ukianzia karibu na shina. Juu yake weka waya mnene. Watunzaji wengi hupunguza maji siku moja kabla, tawi lisiwe limejaa likawa gumu.

Sasa weka vidole gumba viwili upande wa ndani wa kona unayoitaka, vidole vingine upande wa nje, na pinda kwa pumzi. Kidogo, simama, hesabu hadi ishirini, kidogo tena. Sikiliza. Mlio mdogo mkavu ni nyuzi za ndani zinazoachana, na hapo unasimama kwa siku hiyo. Funga kamba ya waya kutoka kwenye tawi hadi kwenye chungu au mzizi, uweke kipande cha mpira chini yake lisikatwe gome, kisha uikaze kidogo kidogo kila baada ya wiki mbili. Matawi yangu mazuri zaidi yalishuka kwa miezi.

Likipasuka, usihamaki. Rudisha nyuma kidogo mpaka mpasuko ufunge, paka marhamu, zungushia rafia, uache. Nusu ya gome ikiwa bado imeungana, tawi lina nafasi nzuri ya kuishi.

Kupanga majani

Panga ukianzia chini kwenda juu. Matawi ya mti mzee huelemewa na uzito wake, kwa hiyo yaanze kushuka pale pale yanapotoka shinani. Tawi linalopanda kwanza ndipo likashuka linaonekana la mti kijana. Kila tawi lilaze vitawi vyake kama kiganja kilichofunguliwa, chini pawe safi na mstari wake uonekane, juu pawe na mwinuko mdogo. Acha nafasi wazi kati ya tabaka moja na jingine. Kupitia nafasi hizo shina huonekana na mwanga hufika ndani. Sogeza majani karibu na shina kwa kuyapinda matawi marefu huku na huko kabla hujafikiria kuyakata. Kilele kiwe kidogo kuliko unavyotamani, maana huko juu ndiko mti hukua kwa kasi.

Matokeo ya kikao cha kwanza yatakuwa membamba, pengine yakuvunje moyo. Majani yatakuja kujaza.

Kuuguza mti

Uweke mahali penye mwanga mwingi lakini pasipopigwa na jua kali la mchana wala upepo, kwa wiki nne hadi sita. Nyunyizia majani maji mara mbili tatu kwa siku. Yanayapokea wakati mishipa iliyopindwa inajiunga. Udongo usiuloweke kupita kiasi, kwa sababu mti wenye majani machache unakunywa kidogo. Mbolea iache mpaka uone ncha mpya. Mti ukikaa miezi mitatu bila ncha hizo, usiuguse wala kuupaka chochote. Uache upate jua la asubuhi.

Kuanzia mwezi wa pili kagua waya kila wiki, hasa juu ya mti ambako unene huongezeka haraka. Mreteni huchelewa kushika umbo. Vitawi huchukua miezi sita au zaidi, matawi makubwa mwaka mmoja hadi miwili. Waya ukianza kuzama kwenye gome, utoe hata kama umbo halijashika. Ukate kipande kwa kipande kwa koleo, mzunguko kwa mzunguko. Kuufungua kwa kuuzungusha nyuma huvunja vitawi ulivyovisubiri mwaka mzima. Tawi likirudi juu baada ya kufunguliwa, lipumzishe wiki chache, kisha ulifunge tena, safari hii waya ukipita mbali na alama za ule wa kwanza.